MVUA NI YA MUNGU, MTARO NI WETU

Haya ni maneno tuliyoyasema sisi mafundi wa kukagua mitaro ya maji ya mvua, mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Junda, Kisauni. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome na kuyajadili.

Sisi si watu wa kuitwa sana. Twaonekana siku ya mafuriko, na siku hiyo twapokewa kwa maneno makali. Leo mmetuita jua likiwaka, na hii ndiyo siku nzuri ya kuzungumza habari za mvua.

Wengi mwauliza: nyinyi kazi yenu ni nini hasa? Kuzibua mitaro? Kuzibua ni sehemu moja tu. Kazi yetu ni kutembea na mtaro kutoka juu hadi chini, kuangalia unapita nini, na kumtafuta anayetia kisichofaa kabla hakijafika baharini.

Maji ya paa moja

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua nyumba yenye paa la mabati, urefu mita 10, upana mita 8. Mvua nzito ya siku moja ikileta milimita 50, paa hilo peke yake litatoa lita 4,000. Ni mitungi 200 ile ya lita 20. Mwenye mkokoteni akibeba mitungi 20 kwa safari moja, atakwenda safari 10 kuhamisha maji ya paa lako. Sasa hesabu nyumba 100 za mteremko mmoja: mitungi 20,000. Na bado hatujahesabu njia, viwanja na barabara.

Zamani maji hayo yaliingia mchangani, chini ya minazi na miembe. Leo pale pana mabati na simiti, na maji hayana pa kuingia. Yanateremka, na yakiteremka hayachagui. Yatabeba mchanga, taka za sokoni, oili ya gereji, na kilichofurika chooni.

Na yanakwenda wapi? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Bomba la maji ya vyoo, pale lilipo, hupeleka uchafu kwenye mtambo wa kuusafisha, kama ule wa Kipevu upande wa Changamwe. Mtaro wa mvua hauendi kwenye mtambo wowote. Unakwenda moja kwa moja kwenye hori ya Tudor. Kati ya mlango wako na samaki wako hakuna chujio wala mlinzi. Tena huku kwetu Kisauni nyumba nyingi zina vyoo vya shimo au tangi, na watu wengi wateka maji ya kisima. Kwa hivyo kinachomwagwa mtaroni chaweza kurudi nyumbani kwa ndoo.

Wavuvi mwalijua jambo jingine kuliko sisi. Siku za bamvua, bahari hupanda zaidi ya mita 3 kutoka pale ilipokupwa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, mdomo wa mtaro unazibwa na bahari yenyewe. Maji ya juu yanakuja, ya chini hayatoki. Basi yanarudi nyuma, yanaingia kwenye nyumba za bondeni, na yameshachanganyika na choo. Hapo ndipo watoto wanapoanza kuhara, na bwana afya anaanza kutuuliza habari za kipindupindu.

Mtaro usemao siku ya jua

Sasa tuwafundishe siri ya kazi yetu. Haihitaji mashine. Mtaro wa mvua haukaguliwi siku ya mvua. Siku hiyo kila kitu kimechanganyika. Ngoja siku tatu za jua, kisha nenda mdomoni mwake. Ukiuona mkavu, shukuru. Ukiona maji yanatiririka, jiulize: mvua haikunyesha, haya yametoka wapi?

Tumia macho na pua. Povu na rangi ya kijivu ni maji ya kufulia na kuogea. Harufu ya choo mwaijua. Ukiona utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji, chukua kijiti uukate. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na kubaki hivyo, mara nyingi ni majani yaliyooza. Ukijiunga tena, hiyo ni oili. Halafu panda na mtaro juu. Kila mitaro miwili inapokutana, angalia ni upi una maji, ufuate huo. Mwisho utafika kwenye bomba. Tukibaki na shaka, kwa ruhusa ya mwenye nyumba twatia rangi chooni kwake, na mwenzetu angoja chini aone kama itatokea.

Kisa cha bomba moja

Tuwaambie kisa. Jina hatutaji, wala mtaa. Siku moja ya jua kali tulifuata mtaro namna hiyo hadi nyuma ya nyumba moja. Bomba la inchi nne lilitoka ukutani, limefunikwa na kipande cha bati. Mwenye nyumba akatoka. Kumbe ni mama tunayemjua vizuri, mweka hazina wa kikundi kinachopanda mikoko pale pale chini, mdomoni mwa mtaro ule ule!

Hakukana. Alisema, "Wanangu, tangi langu lajaa kila baada ya miezi michache. Lori la kunyonya haliingii njia hii, na mpira wake haufiki. Bei nayo siiwezi peke yangu. Nyinyi mwataka nifanye nini?"

Tulinyamaza. Kitabu cha ilani tulikuwa nacho mkononi. Sheria ya Afya ya Umma yakataza kero ya namna hiyo, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yakataza kutia uchafu majini. Ilani tulimwandikia, tusiwafiche. Lakini tulijua karatasi haitafupisha njia wala kurefusha mpira.

Kikundi kilikutana, na mkutano ulikuwa mkali. Vijana wengine walitaka atolewe uweka hazina. "Twapanda miche asubuhi, yeye aimwagia choo usiku!" Mzee mmoja akauliza, "Na wewe, tangi lako likijaa huwa lakwenda wapi?" Pakawa kimya. Ilipojulikana ukweli, nyumba nne za njia ile zilikuwa na shida ile ile.

Wakakubaliana hivi. Nyumba zote nne zitaita lori siku moja, na mwenye lori aje na mipira ya kuunganisha. Gharama wagawane, na fedha za kuanzia zitoke kwenye mchango wa zamu wa kikundi, zirudishwe kidogo kidogo. Maji ya kuogea na kufulia yasiingie tena tangini. Yachimbiwe shimo lake la mawe, mbali na visima, ili tangi lichelewe kujaa. Bomba lile likazibwa kwa simiti mbele ya wote. Mama yule bado ni mweka hazina.

Msidhani kisa kimekwisha. Juu ya mtaro huo huo kuna mabomba mengine mawili, na wenyewe si wanachama wa kikundi chochote. Hayo bado yatoka maji. Ndiyo sababu tumekuja.

Kosa letu sisi

Haifai kusema makosa ya wengine tukaficha yetu. Mwaka mmoja tulizibua mtaro pamoja na wananchi. Kina mama walipika uji, vijana wakachimba mchanga tangu asubuhi. Tukaurundika pembeni mwa mtaro, tukaagana, tukiahidi gari litakuja kuuchukua. Gari halikuja. Siku tatu baadaye mvua ikanyesha na kuurudisha mtaroni karibu wote. Tulipopita tena, hakuna aliyetuitikia salamu vizuri, na tulistahili. Tangu siku hiyo twasema: usiuzibue mtaro kama hujui mchanga utalala wapi usiku huo.

Wala usiupeleke mikokoni. Mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope. Ukivifunika, mti wafa umesimama. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi katika hori ya Mwache, na mikoko mingi ikafa. Na mikoko ikifa, kaa na samaki wadogo wakose pa kujificha.

"Lakini uchafu watoka ng'ambo"

Tukisema haya, huwa hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Nendeni ng'ambo kwanza!" Ni kweli, hori hii yapokea mengi. Watafiti wameandika kwa miaka mingi juu ya maji ya vyoo yanayoingia kwenye mikoko ya Mikindani, na mto Kombeni nao waleta udongo kutoka bara. Lakini wa Mikindani naye akituona hutuelekeza huku. Kila mtu amnyooshea mwenzake kidole, na bahari iko katikati yapokea zote mbili.

Tena kumbukeni Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya kijiji kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Moshi na maji yake vilileta sumu ya risasi mpaka ndani ya damu ya watoto. Wananchi, wakiwa pamoja na Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo Desemba 2024. Walishinda, lakini hukumu haitoi risasi kwenye damu. Ukaguzi una faida ukifanywa mapema, na wa kwanza kuona ni jirani. Sisi ni wachache, na tukimaliza mtaa mmoja mwezi umekwisha. Nyinyi mwalala hapa na kuamka hapa.

Kikundi kifanye nini

Kwanza, mtembee na mtaro wenu wote mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tatu kabla ya mvua za mwaka, na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Chora ramani kwenye karatasi kubwa: mtaro, makalavati, visima, na kila bomba linaloingia.

Pili, mkikuta maji siku ya jua, andikeni tarehe, saa, kama bahari imejaa au imekupwa, rangi na harufu. Piga picha kwa simu. Habari ya namna hiyo yatusaidia kuliko kutuambia "kunanuka sana".

Tatu, oili chafu ya gereji isimwagwe. Yakusanywe madumu yenye vifuniko, auziwe au apewe anayeikusanya. Wataalamu husema lita moja yaweza kuharibu lita milioni moja za maji.

Nne, chupa na nepi. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na mitaroni tuliiona tofauti. Leo kinachoziba makalavati ni chupa na nepi za kutupa. Kikundi kikiweka siku ya kukusanya na mkokoteni wake, kazi ya kuzibua itapungua sana.

Tano, siku ya kuzibua vaeni buti na glavu. Watoto wasiingie. Mwenye kidonda akae juu apokee mchanga.

Sita, msione haya kuja ofisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne laweka mitaro ya maji ya mvua ya mjini mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo hamji kuomba hisani. Njooni na ramani yenu, mtuulize tutakuja lini, na msiondoke bila tarehe.

Ndugu zetu, wahenga wa pwani hii walisema: mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Yaani hata anayehama kambi haichafui, kwa kuwa huenda akarudi. Sasa sisi ambao hatuhami, itakuwaje? Sisi twarudi mwezi wa tatu, kabla ya mvua. Twataka kuyafuata yale mabomba mawili pamoja nanyi, mkiwa na ramani mkononi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mtaro unaopita kwetu unaishia wapi? Nani kati yetu amewahi kufika mdomoni mwake?
2. Matangi yetu yakijaa, twafanya nini? Tuambiane ukweli.
3. Ni nyumba ngapi za njia moja zaweza kuita lori siku moja?
4. Tukizibua mtaro kesho, mchanga utalala wapi?
5. Jirani asiye mwanachama akiwa na bomba, nani atakwenda kuzungumza naye, na kwa maneno gani?