Ganzi ya Vidole na Kipimo cha Stima



Sisi wa gengi na wa karakana twaijua ganzi. Mtu akishika mashine ya kushindilia kokoto au ya kusaga chuma miaka mingi, vidole humwashawasha usiku, na asubuhi kikombe cha chai humponyoka. Daktari akishuku mishipa ya fahamu, humtuma apimwe kwa stima. Wenzetu wengine wakisikia stima hukimbia. Msikimbie. Ni mishtuko midogo tu, na karatasi ya kipimo hicho yaweza kukusemea mbele ya mwajiri, maana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 huhesabu pia magonjwa yatokanayo na kazi.

Siku hiyo oga kwa sabuni, wala usijipake mafuta mikononi, kwani mafuta huzuia waya kushika ngozi vizuri. Pete na saa ziache nyumbani. Chakula kula. Dawa zako usiziache, bali zitaje. Na mwenye kifaa cha moyo kilichotiwa mwilini aseme kabla hajaguswa. Mwenye ugonjwa wa sukari aseme pia, maana sukari nayo huleta ganzi.

Jambo kubwa ni joto. Mkono ukipoa, mishipa hupeleka habari polepole: kila digrii moja ikishuka, mwendo hupungua kwa karibu mita 2 kwa sekunde. Basi mtu aliyetoka Limuru alfajiri na baridi yake aweza kuandikwa mgonjwa, kumbe hana kitu! Na aliye mgonjwa kweli ataambiwa na wakili wa mwajiri kwamba ilikuwa baridi tu. Ngozi ya mkono iwe digrii 32 au zaidi; ikipungua, mkono upashwe moto kwanza. Ukiona hawakupima joto, uliza kwa adabu. Si ujeuri huo.

Mpimaji naye ana kazi yake. Hufunga vipete viwili vya waya kidoleni, huweka waya wa ardhi kati ya hivyo na mahali pa mshtuko, kisha hupima umbali mpaka kifundo cha mkono, mara nyingi sentimita 14. Akikosea sentimita moja tu, hesabu yote imeharibika. Habari ya kidole ni ndogo mno, huhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti, hata mashine nyingine ya stima iliyo karibu huivuruga, na misuli yako pia. Kwa hiyo legeza mkono kabisa.

Ukimaliza, omba nakala ya karatasi, uilete ofisi ya tawi kabla hujatia sahihi lolote kwa mwajiri.