Mbwa wa Manyoya na Kadi ya Chanjo

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, bwana mifugo mstaafu wa Karagwe, katika mkutano wetu)

Nimeombwa niseme machache juu ya mbwa. Nasikia wengine wanacheka. Enzi zetu mbwa alikuwa wa kuwinda au kulinda, akalala nje. Siku hizi baadhi yetu tunarudi kutoka mijini na vibwa vyeupe vya manyoya tele. Wangu ni aina ya spitzi ya Kijapani, kilo 8 hivi, na hatulii.

Huyu si pambo la sebuleni. Asipokimbizwa asubuhi na jioni, nguvu zake zitaishia kwenye viatu vyako na kuku wa jirani. Manyoya yake yana tabaka mbili. Mchane mara kwa mara, hasa nyuma ya masikio na kwapani, maana ndiko kupe hujificha. Usimnyoe kwa kuhofia joto. Manyoya hayo humkinga na jua pia. Mtazame nyayo, kwani funza hawabagui mbwa wa mjini na wa shamba. Mnaokaa kando ya hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, jihadharini na mbung'o: mbwa akipata nagana hukonda, na macho huweza kuingia ukungu. Na jambo la kwetu hasa: kahawa ya kutafuna. Mkimkaribisha mgeni, punje zikianguka ziokoteni. Kahawa ni sumu kwa mbwa, na mdogo kama huyu hahitaji nyingi.

Sasa nifike kwenye lililonileta hapa. Wa kwanza tulimwita Pamba. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida mbwa akifika miezi 3, kisha hurudiwa. Mimi, niliyezunguka vijijini miaka mingi nikihimiza chanjo hiyo hiyo, nikasema huyu analala ndani, ataambukizwa na nani? Nikaahirisha. Jioni moja lango liliachwa wazi, akatoka mbio, akaumana na mbwa koko asiyejulikana. Tukamsafisha kidonda, tukasahau.

Wiki ya tano Pamba aliacha kula, akajificha chini ya kitanda, sauti yake ikabadilika. Mjukuu wangu akamwonea huruma, akanyoosha mkono. Akang'atwa.

Mama yake ndiye aliyefanya niliyopaswa kuyasema mimi. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, nami nimesimama nimeduwaa. Hakupaka majivu wala majani. Usiku ule ule tukaenda hospitali. Sindano ya kwanza siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7, na kuendelea kama daktari alivyoandika. Hatukuruka hata moja. Pamba alikufa siku ya tatu. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna aponaye, kwa hiyo hakuna kungoja uone. Miezi mingi nilikuwa nikiamka usiku kumsikiliza mtoto anavyopumua.

Yupo kidato cha pili hapa, ameketi nyuma, na amenikataza kumtaja jina.

Wataalamu wanatuambia mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi spitzi wako peke yake hatoshi. Siku ya chanjo chukua kamba mbili: moja ya mbwa wako, nyingine ya koko wa jirani ambaye mwenyewe yuko shambani. Tusingoje tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndipo tukumbuke.

Mbwa wa pili nimekuja naye. Amefungwa kwenye mti nyuma ya bwalo, na kadi yake ya chanjo ninayo mfukoni. Vijana wanaotaka kujifunza kumchana waje baada ya chai, lakini wawili wawili, maana atawarukia.