Wahasibu wa Gharama Wavuke Uzio wa Kiwanda



Mkulima wa mpunga hapa Ifakara akiulizwa bei ya gunia, hujibu papo hapo. Akiulizwa gunia hilo limemgharimu kiasi gani, atataja trekta, mbegu na vibarua, basi. Siku alizokaa shambani akiamia ndege, na palizi iliyofanywa na familia nzima, hazimo. Tena gunia lenyewe ni lumbesa. Tuseme gunia la kilo 100 limeshindiliwa hadi kilo 120: katika kila magunia matano, mkulima ametoa moja bure. Huko mashineni nako, mara nyingi pumba hubaki kwa mwenye mashine, nazo zina bei.

Tazameni sasa Kidatu, katika bonde hili hili. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1962 hupima uzito wa miwa na utamu wake. Makapi huchomwa yakatoa umeme, na mwaka 2013 kilifunguliwa kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na molasi. Ndani ya uzio hata takataka ina hesabu yake. Nje ya uzio, mkulima mdogo wa miwa hana mtu wa kumfanyia hesabu hizo. Wakikutana kuzungumzia bei, mmoja ana takwimu, mwingine ana manung'uniko.

Nchini Uingereza wahasibu wa gharama waliunda chama chao mwaka 1919, kwa kuwa mizania ya mwisho wa mwaka haikumweleza mwenye kiwanda kila bidhaa imemgharimu nini. Sisi tunayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na uhasibu wa gharama umo katika mitihani yake. Ushirika nao una shirika lake la ukaguzi, COASCO, tangu mwaka 1982. Lakini ukaguzi huuliza fedha zilikwenda wapi. Hauulizi kama kilimo chenyewe kililipa. (Wizi katika ushirika, tukubali, umetufanya tudhani kuwa mhasibu ni wa kukamata wezi tu.)

Ombi langu kwa Bodi ni hili. Itayarishe daftari la gharama za mpunga, kwa Kiswahili chepesi, lenye safu ya kazi ya familia na safu ya pumba. Saa za mafunzo ambazo mhasibu aliyesajiliwa hutakiwa kuzitimiza, baadhi zitimizwe katika vyama vya msingi vya bondeni. Nanyi walimu wa biashara, wapeni wanafunzi mazoezi ya mashamba ya wazazi wao, sasa, kabla mpunga wa msimu ujao haujapandwa.