Mtoto Garini: Umri Peke Yake Hautoshi

Wazazi wengi humhamishia mtoto kwenye kiti cha kumwinua garini kwa kuangalia umri tu. Akitimiza miaka 4, basi. Uamuzi huo ni wa haraka, na unaweza kugharimu maisha.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto abaki kwenye kiti chenye mikanda yake ya mabegani mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichowekwa na watengenezaji. Mkanda wa gari umeundwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto mdogo akifungwa nao, sehemu ya chini humpanda tumboni, ya juu ikamkaa shingoni. Gari likigonga, mkanda uleule unaweza kumuumiza utumbo na uti wa mgongo. Kazi ya kiti cha kuinua ni kuulaza mkanda juu ya mapaja na katikati ya bega.

Kipimo kingine ni utulivu. Mtoto anayejipinda, anayeinama kila mara au kuuvua mkanda begani hajawa tayari kwa kiti cha kuinua, hata kama urefu unatosha.

Akishahamia kiti hicho, asiharakishwe kukiacha. Wengi hukihitaji mpaka wafikie takriban sentimita 145, kati ya miaka 8 na 12. Sheria ya Uingereza inataka kiti hadi sentimita 135 au miaka 12, lolote litakalotangulia.

Mzazi, soma kibandiko cha kiti, mpime mwanao, mkalishe nyuma. Akilalamika kwamba wenzake wameshaacha, usilegeze msimamo.