Mwanahesabu wa Chini ya Meru



Tengeru, chini ya Mlima Meru, haina kahawa na migomba tu. Ipo pale Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, alikofundisha Profesa Verdiana Grace Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Mzaliwa huyu wa Bukoba, mwaka 1954, alisoma Dar es Salaam, kisha Berlin. Alichunguza kwa hesabu namna vimiminika vizito, visivyotiririka kama maji, vinavyopita ndani ya bomba. Na mabomba, kama mjuavyo, hayajali aliyeyapigia hesabu ni mume au mke. Alifundisha Dar es Salaam na Rwanda kabla ya Arusha.

Mzazi anayekusudia kumwondoa bintiye katika masomo ya sayansi anaombwa aonane kwanza na mwalimu wa hisabati wa skuli yake.