Matumizi kwa Kadiri ya Mapato



Neno letu ni moja: mtu na atumie kwa kadiri ya alichonacho.

Zamani mwenye shida alibisha mlango wa jirani, na haya ilimzuia kurudi mara kwa mara. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mkopo hupatikana kwa simu, hata usiku wa manane, pasipo shahidi. Haya imeondoka, deni limebaki.

Na tuhesabu pamoja. Huduma hiyo ilipoanza, ada yake ilikuwa shilingi 7.50 kwa kila mia, kwa siku 30. Aliyekopa 1,000 alirudisha 1,075. Yaonekana ni kidogo. Lakini mwenye kukopa hivyo kila mwezi, kwa mwaka mmoja hutoa shilingi 900 za ada tu. Angaliziweka hizo 75 kila mwezi, 900 hizo zingalikuwa zake.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: siku ya mshahara tengeni kwanza kodi ya nyumba, unga, karo na mchango wa chama, kisha akiba, ijapokuwa ndogo, anasa zije mwisho.

Nanyi wazee wetu, twawaomba kwa heshima mpunguze gharama za arusi na matanga, maana kijana huona haya kutoa kidogo, akaenda kukopa. Wahenga walikwisha kutuonya: kukopa arusi, kulipa matanga.