Mawimbi ya Simu na Kazi ya Mtu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya mitambo mipya ya simu za mkononi. Labda wengine watauliza: Watu wa reli wana shauri gani na simu? Jibu letu ni kwamba reli na simu ni watoto wa nyumba moja. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulikwenda kando ya njia pamoja nayo. Haikuwezekana treni kuondoka stesheni bila habari kutoka stesheni ya mbele kwamba njia ni wazi. Basi sisi tumeishi na simu tangu mwanzo wa kazi hii.

Leo twataka kuwaeleza habari za kampuni moja ya Marekani iliyozaliwa relini, ikawa kubwa, kisha ikamezwa. Jina lake lilikuwa Sprint. Tumeichagua kwa sababu habari zake zimekwisha andikwa wazi, ahadi na matokeo, na mfanya kazi aweza kuzipima.

Huko California palikuwa na reli iitwayo Southern Pacific. Reli hiyo ilikuwa na mitambo yake ya simu kando ya njia, kwa ajili ya kuendesha treni. Katika miaka ya 1970 wakubwa wake waliona kwamba nafasi iliyobaki katika mitambo ile yaweza kuuzwa kwa watu wengine. Wakaanzisha biashara ya simu za mbali, na humo ndimo lilimotoka jina la Sprint. Mwaka 1983 biashara hiyo ikanunuliwa na kampuni ya simu ya GTE. Reli yenyewe ikamezwa na Union Pacific mwaka 1996. Mtoto akaishi kuliko mzazi, na baadaye akaingia katika simu za mkononi.

Sasa, ndugu zangu, kabla ya kuendelea yafaa tufahamu mali inayogombaniwa ni mali gani. Si minara. Minara yaweza kujengwa na yeyote mwenye fedha. Mali yenyewe ni masafa, yaani mawimbi ya simu ya upepo. Hayaonekani kwa macho, lakini yana mipaka kama shamba. Kampuni mbili zikitumia masafa yale yale mahali pale pale, maneno yatagongana, kama treni mbili zilizopewa njia moja. Ndiyo sababu Serikali hushika ufunguo na kutoa leseni. Mawimbi ni mali ya umma. Kampuni hupewa ruhusa tu ya kuyatumia.

Tena mawimbi si sawa yote. Yale ya chini, kama ya megahezi 600, hufika mbali na kupenya kuta za nyumba, lakini nafasi yake ni finyu. Hayo ni kama njia moja ya reli iendayo mbali mashambani. Yale ya megahezi 2,500 hayafiki mbali sana, lakini nafasi yake ni pana, kama yadi kubwa yenye njia nyingi sambamba. Mizigo mingi hupita kwa wakati mmoja. Kampuni itakayo kutoa 5G nzuri kwa nchi nzima yahitaji yote mawili.

Kampuni ya T-Mobile ya Marekani ilikuwa na haja hiyo. Mwaka 2017 ilitoa karibu dola bilioni 8 katika mnada wa Serikali, ikapata masafa ya megahezi 600. Masafa hayo yalikuwa ya stesheni za televisheni, nazo zikalazimika kuhama. Mwezi Desemba 2019 T-Mobile ikawasha 5G yake juu ya mawimbi hayo. Ilifika mbali, lakini mwendo wake haukuwa mkubwa sana, kwa kuwa njia ni nyembamba. Yadi pana ilikuwa mikononi mwa Sprint.

Na Sprint iliipataje yadi hiyo? Sikilizeni jambo hili. Mwaka 1963 Serikali ya Marekani ilitenga sehemu ya masafa yale kwa ajili ya shule, ili walimu wafundishe kwa televisheni. Miaka ikapita, na shule nyingi na vyama vya dini vilivyokuwa na leseni vikakodisha masafa yao kwa kampuni. Kampuni ya Clearwire ilikusanya mengi, na mwaka 2013 Sprint ikainunua Clearwire yote. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Serikali, iitwayo FCC, ikaondoa sharti la kwamba mwenye leseni hizo awe mtu wa elimu. Hivyo ndivyo mali ya watoto wa shule inavyoweza kugeuka kidogo kidogo, bila kelele, kuwa mali ya biashara. Hakuna aliyevunja mlango. Mlango ulikodishwa, kisha ukauzwa.

Mwaka 2018 T-Mobile na Sprint zikatangaza kwamba zataka kuungana, kwa bei ya kama dola bilioni 26. Wakubwa wao wakaenda mbele ya Serikali na ahadi tatu. Ya kwanza, mtandao wa 5G utawafikia watu 97 katika kila 100 kwa muda wa miaka mitatu, na 99 kwa miaka sita. Ya pili, kazi zitaongezeka tangu siku ya kwanza. Ya tatu, kampuni ya Dish itauziwa sehemu ya biashara, ijenge mtandao mpya, ili watu wasipungukiwe na mahali pa kuchagua. Chama cha wafanya kazi wa mawasiliano, CWA, kilipinga. Kilisema kazi kama 30,000 zitapotea, nyingi katika maduka ya simu. Baadhi ya majimbo yakaenda mahakamani, yakashindwa. Tarehe 1 Aprili 2020 kampuni mbili zikawa moja.

Basi tuzipime ahadi, moja moja, kama tupimavyo breki kabla ya safari.

Ahadi ya mitambo ilitimizwa, na haki ya mtu tumpe. Mafundi walipanda minara ya T-Mobile wakafunga mitambo mipya juu ya masafa yaliyotoka kwa Sprint. Mwisho wa 2021 mawimbi hayo mapana yalikuwa yamewafikia watu zaidi ya milioni 200, na katika 2023 watu milioni 300. Kazi ilifanywa kwa haraka, na ilifanywa vizuri.

Lakini ili kuwasha kupya, kulikuwa na kuzima kwa zamani. Vituo kama 35,000 vya Sprint viliwekwa katika mpango wa kufungwa. Mtambo wa zamani wa Sprint, wa namna iitwayo CDMA, ulipangwa kuzimwa tarehe 1 Januari 2022. Dish ililalamika kwamba watu wake wengi wa malipo ya kabla, ambao si matajiri, bado wana simu za zamani na zitakuwa vipande vya chuma tu. Tarehe ikasogezwa hadi 31 Machi 2022, kisha mtambo ukaanza kuzimwa. Miezi mitatu ndiyo waliyoongezewa.

Ahadi ya kazi je? Mwisho wa 2019 T-Mobile ilikuwa na wafanya kazi kama 53,000. Sprint, mwezi Machi mwaka huo huo, ilikuwa na kama 28,500. Jumla ni 81,500. Mwezi Agosti 2023 kampuni ilitangaza kuwaondoa watu 5,000, na mwaka ulipokwisha ilibaki na kama 67,000. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne aweza kuitoa. Hatusemi kila mmoja wao alifukuzwa. Wako walioondoka wenyewe. Tena ni kweli kwamba hesabu hii haifiki 30,000 ya CWA. Lakini chama kilihesabu pia watu wa maduka ya mawakala, ambao hawamo katika vitabu vya kampuni. Jambo moja ni wazi: kazi hazikuongezeka.

Na Dish? Mwaka 2025 mwenye Dish, kampuni ya EchoStar, alipatana kuuza masafa yake mengi kwa AT&T na kwa SpaceX, kwa mabilioni ya dola, akaacha shauri la kujenga mtandao kamili wa nne. Katika ahadi tatu, iliyosimama ni ile ya mitambo, nayo ilikuwa imeandikwa kwa hesabu na tarehe, na Serikali ikishika fimbo. Ile ya kazi ilikuwa maneno ya mdomo.

Kwa nini wafanya kazi hawakuweza kuigeuza iwe mkataba? Kwa sababu sehemu kubwa ya watu wa T-Mobile ya Marekani hawakuwa katika chama, ingawa CWA ilijaribu kwa miaka mingi. Mwenye kampuni hiyo, Deutsche Telekom ya Ujerumani, kwao hukaa meza moja na chama chenye nguvu. Tajiri ni yule yule. Tofauti ni chama.

Tena tusiwasahau wapanda minara. Mara nyingi kampuni ya simu haiwaajiri yenyewe. Humpa kazi kontrakta, naye humpa kontrakta mdogo, naye humpa mwingine, mpaka kijana aliye juu ya mnara hajui tajiri wake ni nani. Mwaka 2013, wakati kampuni za Marekani zilipokuwa zikikimbilia 4G, idara ya Serikali inayoangalia usalama wa kazi ilihesabu watu 13 waliokufa katika kazi ya minara. Haraka ya tajiri mkubwa hushuka ngazi kwa ngazi, nayo humwangukia mtu aliye juu na kamba moja.

Ndugu zangu, tumekwenda mbali hadi Marekani, sasa turudi nyumbani. Hapa Kenya Safaricom ilianza kuuza 5G Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023. Hatulii kwa sababu ya mitambo mipya. Sisi watu wa reli twajua maana ya njia mpya. Mwaka 2017 ilifunguliwa njia pana ya milimita 1,435, na treni ya abiria ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa, iliyopita juu ya njia ya mita moja, ikakoma. Msafiri wa Mombasa alipata mwendo. Lakini mama aliyeuza chai na mayai katika stesheni ndogo, nani alimwuliza? Kadhalika Februari 2015 televisheni za mtindo wa zamani zilipozimwa, asiye na fedha za kununua kisanduku alibaki akitazama kioo cheusi.

Simu ya vibonye bado ni benki ya watu wengi, kwa maana M-Pesa tangu 2007 imepita katika simu hiyo ndogo. Siku mitambo ya zamani itakapotakiwa kuzimwa, isije ikawa ndiyo siku ya kwanza kuuliza.

Basi twaleta mbele ya tawi mambo matatu yapelekwe kwa Halmashauri, nayo iyafikishe kwa vyama wenzetu. Kwanza, kila leseni ya masafa itolewayo au kuhamishwa iwe na sharti lililoandikwa juu ya mzima-mtambo: tarehe itangazwe mapema, na mwenye simu ya zamani apewe msaada, si tangazo tu. Pili, ahadi yoyote ya kazi iandikwe kwa hesabu na tarehe kama ile ya mitambo, na adhabu yake iwe sawa. Tatu, mpanda mnara ahesabiwe kuwa ni mtu wa kampuni ile ambayo mitambo yake ameibeba mgongoni, katika mshahara, bima na usalama.

Wazee wetu, injini za mvuke zilipoondolewa na dizeli kuingia, waliona watunza moto wakiondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kuizuia dizeli, wala haikufaa kuizuia. Lililowezekana ni kukaa mezani kabla moto haujazimwa, na mtu mmoja mmoja hapewi kiti katika meza hiyo. Kiti ni cha chama. Kwa hiyo lipeni ada zenu, njoni mikutanoni, na mkiona kijana juu ya mnara karibu na njia, mwulizeni kama ana chama. Kama hana, mleteni.

Umoja ni nguvu.